Yusuf Nje ya Bustani: Kuisoma Peponi Hapa Remera

Peponi. Mtunzi: Abdulrazak Gurnah. Mfasiri: Ida Hadjivayanis. Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, 2022.

Lilipoletwa pendekezo la kuiingiza Peponi katika orodha ya riwaya teule za mwaka wa pili, walimu wa idara yetu tuligawanyika. Wapo waliosema kwamba kitabu kilichotungwa kwa Kiingereza hakiwezi kuitwa fasihi ya Kiswahili hata kikifasiriwa mara kumi, na kwamba nafasi ni chache kiasi kwamba ukimwingiza Gurnah huna budi kumtoa Kezilahabi au Shaaban Robert. Wapo pia waliokuwa na hofu nyingine, ambayo haikusemwa kikaoni bali nje, kwenye ngazi: kwamba riwaya hii inazungumzia utumwa, Waarabu, Uislamu na dharau ya watu wa pwani kwa watu wa bara, na kwamba mambo haya yakifunguliwa mbele ya wanafunzi wa Rwanda, ambao wengi wao wamekua wakisikia Kiswahili kikitajwa kwa mzaha, yatawapa sababu mpya ya kukikimbia. Hofu hii ya pili ndiyo iliyotusukuma kuandika makala haya. Kwa maoni yetu sababu hiyo hiyo inayoogopwa ndiyo inayoifanya riwaya hii imfae mwanafunzi wetu.

Kwa wasiomfahamu mtunzi, Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka kisiwani akiwa kijana katika miaka iliyofuata Mapinduzi ya 1964, akaishi Uingereza na kufundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent kwa miaka mingi. Paradise ni riwaya yake ya nne. Ilitoka mwaka 1994 na kufika katika orodha ya mwisho ya Tuzo ya Booker. Mwaka 2021 alipata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi, na hapo ndipo wengi wetu katika Afrika ya Mashariki tulipoamka na kuanza kugombania kama ni Mtanzania, Mzanzibari au Mwingereza, ugomvi uliokuwa na wasemaji wengi kuliko wasomaji. Tafsiri ya Kiswahili ilitoka mwaka uliofuata, miaka 28 baada ya kitabu chenyewe.

Hadithi ni rahisi kuisimulia. Yusuf ana umri wa miaka 12. Anaishi na wazazi wake katika mji mdogo wa Kawa, uliochangamka Wajerumani walipoutumia kama kituo cha kujengea reli na kudorora reli ilipokwisha kusonga mbele. Baba yake ana hoteli isiyo na wageni. Mara kwa mara hufika mtu mmoja tajiri, Aziz, mfanyabiashara wa misafara, mpole wa maneno na mwenye kunukia manukato, ambaye humwachia mtoto sarafu kila anapoondoka. Siku moja mtoto anaambiwa atafuatana na mgeni huyo kwa garimoshi. Hakuna anayemweleza sababu. Ni huko pwani, katika duka la Aziz, ambapo kijana aliyemtangulia, Khalil, anamfumbua macho: baba yako ana deni kwa tajiri huyu, na wewe umewekwa rehani.

Hapa pana jambo ambalo mwalimu wa lugha hawezi kulipita. Katika Kiingereza Yusuf anamwita Aziz kwa neno moja linalomfaa ndugu wa baba, ndugu wa mama na hata rafiki yeyote wa nyumbani. Kiswahili hakina neno pana kiasi hicho. Kina ami, au baba mdogo na baba mkubwa, na kina mjomba. Kinyarwanda vilevile kinamtenga data wacu na marume, na haki na wajibu wa kila mmoja havifanani. Kwa hiyo msomaji wetu anajikuta akiuliza swali ambalo msomaji wa London halimjii: huyu ni ndugu wa upande gani? Jibu ni kwamba hana upande. Ujamaa wote ule wa hotelini, pamoja na sarafu zake, ulikuwa vazi la deni. Khalil anamkataza Yusuf kumwita tajiri kwa jina hilo la kindugu na kumwamuru amwite Seyyid. Mabadiliko ya neno moja la kuitana yanatosha kumvua mtoto ukoo mzima. Tungependa wanafunzi wetu waone jinsi jambo kubwa kama hili linavyofanyika katika mabishano ya vijana wawili wanaolala barazani, bila hotuba, na bila mtunzi kutuambia tuhuzunike.

Riwaya hii ni ya makuzi, yaani inamfuata mhusika kutoka utotoni hadi mahali ambapo utoto hauwezekani tena. Tatizo linaanza tunapotaka kulitaja kwa Kiswahili lile linalopotea. Kutokuwa na hatia ni lugha ya mahakama. Usafi wa moyo ni lugha ya mimbari. Linalobaki ni neno tunalolitumia kama tusi, yaani ujinga, na neno hili lina historia inayostahili kukumbukwa hapa. Katika Kiswahili cha pwani cha karne ya 19 mjinga lilikuwa pia jina la mtumwa aliyeletwa karibuni kutoka bara, ambaye hajajua lugha wala desturi za mji, tofauti na mzalia, aliyezaliwa papo hapo pwani. Yaani kutokujua, utoto na utumwa vilikutana katika neno moja. Yusuf ni mjinga kwa maana zote hizo. Hajui kwamba ameuzwa. Hajui lugha ya Kiarabu anayotaniwa nayo. Anapoachwa kwa Hamid Suleiman, mwenye duka katika mji wa chini ya mlima, inagundulika kwamba hawezi kuisoma Kurani, naye akiwa kijana mkubwa anapelekwa chuoni kukaa kitako na watoto wadogo. Aibu ya sehemu hiyo ni nzito kuliko viboko vyovyote. Kila mwalimu ambaye amewahi kumpokea mwanafunzi wa umri mkubwa katika darasa la wanaoanza Kiswahili ataielewa bila kuelezwa.

Usimulizi ni wa nafsi ya tatu, lakini jicho ni la Yusuf, na msomaji mara nyingi anajua kabla ya mtoto kujua. Hii ndiyo nguvu kubwa ya kitabu kwa upande wa fani. Mtunzi hakumfanya Yusuf mwerevu kupita umri wake ili amtumie kutoa mafunzo. Anamwacha asikie mambo nusu nusu, nyuma ya mlango, katika mazungumzo ya wakubwa wanaodhani haelewi, na maarifa yanamjia vipande vipande mpaka siku anapogundua kwamba hakuna aliyekuwa akimficha kitu. Kila mtu alijua. Alichokuwa nacho, na ambacho wengine hawakuwa nacho, ni ile imani tu kwamba kuna siku atarudishwa nyumbani.

Tuje kwenye dharau, kwa kuwa ndiyo iliyozua mjadala. Wanaoiogopa riwaya hii wanadhani inamlaumu Mwarabu peke yake, au Mswahili peke yake. Hawajaisoma hadi mwisho. Katika Peponi kila kundi lina kundi linalolidharau. Khalil, mtoto wa Mwarabu maskini, anamtania Yusuf kwa kuwa ni Mswahili, ilhali Kiswahili cha Khalil mwenyewe kinawachekesha wateja wa dukani. Mohammed Abdalla, mnyapara wa msafara, anawaona wapagazi kama wanyama. Wafanyabiashara wanamcheka Kalasinga, fundi wa Kihindi, kwa kilemba chake na dini yake, na Kalasinga anawacheka wao kwa kukariri kitabu wasichokielewa, hata anaapa kwamba ataifasiri Kurani kwa Kiswahili ili wajionee wenyewe. (Kwa hakika aliyeitoa tafsiri kamili ya kwanza ya Kurani kwa Kiswahili, mwaka 1923, alikuwa kasisi wa Kianglikana, Godfrey Dale. Historia imekuwa na kejeli kuliko Kalasinga.) Wote kwa pamoja wanapeana hadithi za Wazungu wanaokula chuma. Na wote, bila kumwacha hata mmoja, wana neno moja kwa yeyote anayeishi mbele zaidi, magharibi zaidi, ndani zaidi ya walipofika wao: washenzi.

Msafara wa Aziz haufiki kwetu. Unavuka ziwa kuelekea Marungu, katika nchi ambayo leo ni Kongo. Lakini ukiichukua ramani ya dharau ya wahusika hawa, Rwanda imo ndani ya neno hilo, na msomaji wa Remera analijua hilo tangu kurasa za mwanzo. Sasa tuligeuze upande wa pili. Je, Mnyarwanda anayekerwa kuitwa mshenzi, yeye humwitaje mtu wa pwani? Katika Kinyarwanda cha mitaani umuswahili si kabila wala si msemaji wa lugha fulani. Ni mjanja, mwongo, mtu wa kukuuzia mali mbovu huku akicheka nawe. Maneno mawili, mshenzi na umuswahili, yalikutana njiani kama misafara miwili, moja likitoka mashariki na lingine likilisubiri.

Neno hili la pili lina miaka yake. Wafanyabiashara wa pwani hawakupata nafasi ya kustawi hapa wakati wa Kigeri IV Rwabugiri. Waliingia kwa wingi pamoja na Wajerumani, kama askari, makarani, wapishi na wachuuzi, hasa baada ya Richard Kandt kuiasisi Kigali mwaka 1907. Msikiti wa Al-Fatah wa Nyamirambo ulijengwa mwaka 1913. Wabelgiji walipochukua nchi, Waislamu walitengewa makazi yao Biryogo, yaliyoitwa kwa Kifaransa kambi ya Waswahili, na kwa kuwa shule zilikuwa mikononi mwa misheni, watoto wao wengi walibaki nje ya shule. Ukimfungia mtu nje ya shule na nje ya utumishi wa serikali ukamwachia udereva, ufundi na uchuuzi, kisha ukamlaumu kwa kuwa mchuuzi, hapo dharau imekwisha kujitengenezea ushahidi wake. Ndivyo Kiswahili kilivyokuwa lugha ya soko, ya gereji na ya kambi za jeshi, na hakikuwa na heshima mezani.

Kisha ukaja mwaka 1994, mwaka ule ule ambao Paradise ilichapishwa Uingereza. Katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, Waislamu wengi wa Biryogo na Nyamirambo waliwaficha majirani waliokuwa wakiwindwa, na jambo hili limeandikwa na kushuhudiwa. Hatusemi kwamba kundi lolote lilikuwa safi lote. Tunasema kwamba watu waliokuwa wakiitwa waongo waliwadanganya wauaji mlangoni, na kuna watu walio hai leo kwa sababu ya uongo huo. Mwaka 2007 Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka 2017 Bunge likapitisha sheria ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi. Sheria haiondoi neno mdomoni mwa watu. Mwanafunzi wetu anayeamua kusomea Kiswahili bado anaulizwa nyumbani kwao kama amekwisha kuwa umuswahili, naye hucheka pamoja na wanaomcheka.

Tulipojaribu kusoma sura za mwanzo na kikundi kidogo cha wanafunzi, yaliyotokea hayakuwa yale yaliyohofiwa kwenye ngazi. Walipolikuta neno mshenzi walinuna kidogo. Walipoendelea, na kuona Khalil akilitumia neno Mswahili kama tusi, wakaanza kutazamana. Mmoja wao, mzaliwa wa Nyamirambo, aliwaeleza wenzake neno hilo lilivyotamkwa katika shule ya msingi aliyosoma. Hatukuhitaji kufundisha chochote kwa dakika zile.

Hata hivyo tunayo malalamiko yetu, na hatutayaficha kwa sababu mtunzi amepata Nobeli. Watu wa bara katika riwaya hii wanaonekana kwa jicho la msafara tu. Vijiji vinapita kama mandhari: mahali pa kulipa hongo, mahali pa mbu, mahali pa magonjwa. Ni kweli kwamba jicho ni la Yusuf na Yusuf amefungwa katika msafara, lakini jibu hilo linarahisisha mno. Mtunzi aliyeweza kumpa kila mwenye duka wa pwani kejeli yake na huzuni yake angeweza kumpa mwanamke mmoja wa kijijini sentensi tatu zake mwenyewe. Palipo na ahueni ni kwa Chatu, sultani wa Marungu, anayeinyang'anya misafara mali na kumpiga mnyapara. Chatu anaruhusiwa kutoa hoja, tena hoja nzito: waliokuja kabla yenu walichukua watu wetu, hatukuwaita, mmekuja wenyewe. Msomaji wa pwani ataisoma sura hiyo kwa hofu, akiwahesabu wanaokufa. Msomaji wetu, tumeona, anajikuta yuko upande wa Chatu kwa kurasa kadhaa, kisha anamwona Yusuf amesimama pale katikati na hajui tena upande wake ni upi. Na hata hoja ya Chatu inatufikia kwa kinywa cha mkalimani, ambaye wasafiri wenyewe hawamwamini. Mwenye kufundisha tafsiri na ukalimani asiipite sura hiyo haraka. Anayeamua ugomvi mwishowe si sultani wala tajiri, ni Mzungu anayetokea na askari wake na kuamuru mali irudishwe, na wote wawili wanajua papo hapo kwamba siku zao zimekwisha.

Kuhusu ujasiri, mjadala darasani ulikuwa mkali zaidi. Wanafunzi wengi wanampenda Mzee Hamdani, mtunza bustani. Alikuwa mtumwa aliyetolewa kama zawadi ya arusi kwa bibi wa nyumba. Sheria ilipopiga marufuku utumwa alipewa uhuru wake akaukataa. Yusuf anapomkabili kwa hasira, mzee anamjibu kwamba uhuru si kitu walichokuwa nacho wao hata waweze kumpa yeye. Ni jibu zuri, na ni hatari kwa sababu ya uzuri wake. Ukilisoma peke yake utadhani riwaya inatufundisha kwamba mtumwa aliyeridhika moyoni hana haja ya kufunguliwa. Tunapendekeza lisomwe sambamba na Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Mbotela, wa jamii ya watumwa waliokombolewa na kuwekwa Freretown karibu na Mombasa, anawashukuru Waingereza kwa kila ukurasa. Katika kitabu chake uhuru unashuka kutoka katika manowari. Hamdani anakataa kuupokea kutoka kwa yeyote. Kati ya shukrani ya mmoja na ukaidi wa mwingine ndipo alipo Yusuf, ambaye hakuridhika na jibu la mzee, na sisi pia hatukuridhika. Mtu aliyebaki kumwagilia michungwa ya wengine maisha yake yote amelinda heshima yake. Hakumlinda mtoto aliyekuwa akiingia kila siku katika bustani ile.

Khalil naye anasumbua. Deni la baba yake lilikwisha siku dada yake wa kulelewa, Amina, alipoolewa na Aziz, kwa hiyo yuko huru kuondoka na haondoki. Wengine darasani walimwita mwoga. Sisi tunamwona kama mtu pekee katika nyumba ile anayekaa kwa ajili ya mtu mwingine, na huo ni ujasiri usiosifiwa na mtu. Amina mwenyewe, aliyetekwa utotoni na kuokolewa na baba yake Khalil, kisha akatolewa kulipa deni, anayo kauli iliyo kali kuliko zote kitabuni: kama jehanamu ipo hapa duniani, basi ni humo ndani ya ukuta. Jina la kitabu linageuka hapo, na bustani yenye bwawa na makomamanga haiwezi tena kutazamwa kama ilivyotazamwa mwanzoni.

Kisa cha shati wanafunzi wetu wanakijua kabla ya kukifikia. Bibi wa nyumba, mwenye alama usoni na mwenye kuamini kwamba kuguswa na Yusuf kutamponya, anaitwa Zulekha, na shati la kijana linachanika. Wanafunzi wa Kikristo walikimbilia Mwanzo 39 na mke wa Potifa. Wenzao Waislamu wakawarekebisha: katika Mwanzo mwanamke anabaki na vazi mkononi, ilhali katika Sura ya Yusuf kanzu inachanika kwa nyuma, na mahali ilipochanika ndipo penye ushahidi wa kukosa kwake hatia. Gurnah ameshika kanzu ya Kurani. Lakini Yusuf wa vitabu vitukufu, aliyeuzwa na ndugu zake, anapanda hadi kuwa mkubwa wa Misri na kuwasamehe ndugu zake. Huyu wetu hapandi popote. Aziz anamwita, anazungumza naye kwa upole uleule wa siku zote, na ni yeye anayempasha habari kwamba baba yake amekwisha kufariki. Maneno yote ambayo kijana alikuwa ameyaandaa kumwambia tajiri wake hayatoki. Kwa mtazamo wetu ukurasa huo ndio kilele cha riwaya, kuliko vurugu zote za safari, kwa kuwa hapo Yusuf anagundua kwamba hana tena mtu wa kurudishiwa.

Mwisho wa kitabu ndio uliotufikisha jioni. Vita vinakaribia, afisa wa Kijerumani anafika na askari weusi, wanakamata wanaume kwa nguvu. Yusuf na Khalil wanajificha. Kikosi kinapoondoka Yusuf anatoka, anawaona mbwa wakila kinyesi kilichoachwa na wale waliopiga kambi, anajitambua ndani ya mbwa wale, na anakimbia kulifuata jeshi. Basi. Hakuna sura nyingine. Wanafunzi waligawanyika sehemu tatu. Wa kwanza walisema amekuwa jasiri, kwa mara ya kwanza ameamua mwenyewe. Wa pili walisema ametoroka kutoka kwa bwana mmoja kwenda kwa bwana mbaya zaidi. Wa tatu, wachache, walisema kwa sauti ya chini kwamba kijana asiye na kwao anayekimbilia bunduki ni jambo wanalolijua, na wasingependa kuliita ujasiri wala woga. Hatukuwahimiza waendelee, na hapakuwa na haja.

Sisi tuko karibu na kundi la pili, lakini si kwa ukamilifu. Msomaji wa leo anajua kilichowangoja waliokwenda na majeshi yale mwaka 1914. Katika vita vya Afrika ya Mashariki wapagazi walikufa kwa maelfu mengi, kwa njaa, kuhara na uchovu kuliko kwa risasi, na jina la Kariakoo la Dar es Salaam, kama Kariakor ya Nairobi, ni masalio ya kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Yusuf hayajui hayo. Anachokijua ni kwamba akibaki atakuwa Hamdani au Khalil. Anachagua kwa kutokujua, akiwa mjinga kwa mara ya mwisho, na mtunzi kwa makusudi hakumfuata ng'ambo ya mlango. Linganisha na Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971 na kuzuiwa shuleni Tanzania kwa muda kabla ya kukubaliwa. Rosa naye anaharibiwa na nyumba iliyopaswa kumlinda, lakini Kezilahabi hakuweza kumwacha; alimfuata hadi mbele ya Mungu ili kesi iamuliwe. Tunaipenda Rosa Mistika na tutaendelea kuifundisha. Tunaona tu kwamba Gurnah alikuwa na ushupavu wa kuiacha kesi bila hakimu.

Linabaki pingamizi la kwanza, kwamba hii si fasihi ya Kiswahili. Wahakiki wamekwisha kuonyesha kwamba safari ya Aziz ina mizizi katika simulizi za Kiswahili zilizokusanywa na Mjerumani Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901 kwa jina la Safari za Wasuaheli, hasa masimulizi ya Selemani bin Mwenye Chande juu ya safari yake ya bara. Yaani masimulizi ya wafanyabiashara wa pwani yaliandikwa kwa Kiswahili, yakapelekwa Ujerumani, yakasomwa na Mzanzibari aliyeko Uingereza, yakawa riwaya ya Kiingereza, kisha Hadjivayanis, mfasiri anayefundisha Kiswahili huko huko London, akayarudisha katika lugha yalimotoka. Anayetaka kuikataa Peponi kwa hoja ya usafi wa asili itambidi atuambie ni kituo gani katika safari hiyo ndipo Kiswahili kilipokufa. Tafsiri inapoteza jambo moja, na ni haki kulitaja: katika Kiingereza maneno ya Kiswahili yanasimama kama wageni, na msomaji anakumbushwa kila mara kwamba anasikiliza mlangoni. Katika Kiswahili mlango uko wazi, na ule ugeni wa Yusuf mbele ya Kiarabu cha Khalil, au wa Khalil mbele ya Kiswahili cha wateja, unahitaji sauti ya msomaji ili usikike. Kwa hiyo sehemu za dukani zisomwe kwa sauti, na wasomaji wawe wawili.

Kwa sasa idara ina nakala mbili tu za tafsiri, na mojawapo haijarudi tangu likizo. Tumeomba nakala 15 kwa muhula ujao. Wanafunzi watasoma kwanza sura za Kawa na dukani, kisha kurasa za Mbotela juu ya kukamatwa na kukombolewa, kisha sura ya Chatu, ambayo itaongozwa na wenzao wa ukalimani. Zoezi la kwanza litakuwa kuandika, kwa Kiswahili, hoja ya Chatu bila mkalimani.